Barua ya wazi kwa waandaaji wa AFCON 2027: wapo wageni watakaopitia Tunduma

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya michezo, viongozi wa TFF, na wote mliokabidhiwa maandalizi ya AFCON 2027 kwa upande wa Tanzania,

Salaam kutoka Uyole, Mbeya. Mimi ni dalali wa viazi. Barua hii naiandika nimekaa juu ya magunia, kwa hiyo mkiona mahali nimekatisha habari ghafla, mjue lori limeingia na nimekwenda kupokea mzigo.

Tangu siku ile ya Septemba 27, 2023, CAF ilipotangaza kwamba Kenya, Uganda na sisi tutaandaa mashindano kwa pamoja, redio yangu haijaacha kunipa habari zenu. Mkapa unakarabatiwa. Arusha kunajengwa uwanja mpya. Hoteli, viwanja vya ndege, barabara za kutoka uwanja wa ndege kwenda hotelini. Nafurahi, sina kinyongo. Ila nimegundua kitu: kila mgeni mnayemtaja anashuka kwenye ndege. Bado sijasikia hata mmoja anayeshuka kwenye basi, miguu imevimba, jezi ya Chipolopolo, timu ya taifa ya Zambia, imekunjamana mwilini, anauliza choo kiko wapi. Huyo yupo, waheshimiwa. Atakuja, na atakuja kwa wingi. Namjua kwa sababu niliwahi kuwa yeye.

Mwaka 2010 Kombe la Dunia lilipokwenda Afrika Kusini, viazi vilikuwa na bei nzuri. Juni 7 ya mwaka huo Brazil walipita Dar es Salaam wakaifunga Stars 5-1, na mimi mechi ile niliisikilizia hapa hapa, redio sikioni. Nikasema kama Brazil wamefika mpaka Dar na sikuwaona, basi mpira huu nitaufuata mwenyewe. Mama watoto alinitazama, akaendelea kumenya ndizi. Ijumaa ya tarehe 18 nikavaa koti langu la Juni, lile la kuzuia baridi ya Uyole, nikaweka dola 400 ndani ya soksi, nikapanda gari la Tunduma.

Ndege sikuifikiria hata kidogo. Kwetu huku, njia ya kwenda kusini ni barabara, tumezaliwa tukiiona. Ukivuka Tunduma uko Nakonde, upande wa Zambia, na Wanyamwanga wapo pande zote mbili, wanaoana na kuzikana kama kawaida, mpaka au si mpaka. Kutoka Nakonde ni Isoka, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, Kabwe, halafu Lusaka. Basi letu liliharibika kabla ya Mpika, usiku, porini, na utingo akachomoa jerikeni la maji kana kwamba ndilo lililokuwa kwenye ratiba. Ndani ya basi tulikuwa Watanzania sita. Jirani yangu wa kiti alikuwa kijana wa Mafinga, fundi wa mbao, mwembamba, mpole, ana jezi ya Ghana aliyoinunua mtumba. Nitamrudia.

Chirundu, pale daraja la Zambezi, ilikuwa raha. Kituo cha pamoja cha Zambia na Zimbabwe kilikuwa kimefunguliwa Desemba 2009, miezi michache tu kabla yetu. Unaingia jengo moja, unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia, unaondoka. Sisi tuliokuwa tumezoea kushuka mara mbili na kupanga foleni mbili tulidhani tumesahau kitu, tukawa tunageuka nyuma. Zimbabwe nayo ilikuwa imeanza kutumia dola za Kimarekani mwaka mmoja tu kabla, na hakukuwa na sarafu. Nilinunua mkate Harare kwa noti ya dola moja iliyochakaa kama kitambaa cha kushikia sufuria, chenji nikapewa pipi tatu. Nilizila zote kabla ya Masvingo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Katika mipaka tuliyopita, mmoja sitautaja jina, kwa sababu wa huko walionitendea mema ni wengi kuliko mmoja aliyenikera. Tulifika saa saba mchana. Mbele yetu kulikuwa na basi jingine, la kifahari, limejaa mashabiki waliovaa fulana za kufanana, wameletwa na kampuni ya utalii. Mtu wao mmoja aliingia na paspoti zote kwenye boksi, akatoka nazo, wakaondoka. Robo saa. Wala siwaonei wivu. Ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Zamu yetu ilipofika, ofisa wa dirishani akaniuliza ninakwenda wapi. Kombe la Dunia. Tiketi iko wapi? Nikamweleza kwamba tiketi anayo mpwa wangu Johannesburg. Akacheka kwa pua. Akasema, mtu asiye na tiketi mkononi si shabiki, ni mtafuta kazi. Nikamwonyesha kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, nikatania kwamba hiyo ndiyo kadi ya kwanza ya mashindano na nimepewa mimi. Hakucheka. Akaegemea kiti.

"Haya, shabiki. Nitajie wachezaji watano wa Ghana."

Nikaanza na kipa: Kingson. Paintsil. John Mensah. Annan. Kwadwo Asamoah. Nikamwongezea Ayew na Gyan, za bure. Akanitazama kidogo, halafu akatega mtego.

"Na Essien je?"

"Essien goti, mkuu. Hakuja."

Hapo akacheka, akagonga muhuri. Nikatoka nje nikijiona nimefunga bao. Kumbe nyuma yangu alikuwa yule kijana wa Mafinga, naye aliulizwa yale yale. Kijana yule Ghana aliijua kuliko mimi. Njia nzima alikuwa akinieleza nani anacheza wapi Ulaya. Lakini alikuwa na kigugumizi, na akiogopa ulimi unagoma kabisa. Alisimama pale dirishani akisema "Ki... Ki... Ki..." mpaka ofisa akamwambia akae pembeni. Alikaa pembeni hadi kesho yake. Basi halikumsubiri. Alifika Johannesburg tarehe 24, siku moja baada ya mechi aliyoifuata kutoka Mafinga, na jezi ile ile mwilini.

Sijui kama ofisa yule alikumbuka jambo hili hata wiki moja. Mimi nimelikumbuka miaka yote hii, na kila ninaposikia mnasema "wageni wetu" namwona kijana yule kwenye benchi.

Tiketi zenyewe zilikuwa na mambo yake. Kwa muda mrefu ziliuzwa kwa mtandao, na mlipaji awe na kadi ya benki. Mwaka 2010, Uyole, kadi ya kununulia vitu mtandaoni nilikuwa sijawahi kuishika. Ya bei ya chini kabisa kwa mtu wa nje ilikuwa dola 80 kwa mechi ya makundi. Wakazi wa Afrika Kusini walikuwa na daraja lao la nne, rand 140, kama shilingi elfu 26 za wakati ule. Aprili 15 ndipo walipoanza kuuza dirishani, mtu anakwenda na fedha yake taslimu, na watu wakakesha kwenye foleni. Ndipo ikaonekana kwamba Mwafrika mpira anaupenda na hela anayo, kilichokuwa kimemshinda ni mlango. Mpwa wangu, kinyozi wa Yeoville, alilala kwenye foleni hiyo akatoka na mbili, moja yake na moja yangu. Naam, nilikaa kiti cha mkazi na mimi si mkazi. Naungama hadharani. FIFA wakitaka tofauti ya bei niko tayari kuwalipa kwa viazi.

Soccer City, Jumatano ya Juni 23, Ghana na Ujerumani. Uwanja umejengwa kwa umbo la kibuyu, na usiku taa zikiwaka unaonekana kama kibuyu kilichowekwa juu ya makaa. Baridi ilikuwa kali, watu wa pwani walikuwa wanalia, mimi nikafungua vifungo viwili vya koti. Johannesburg na Mbeya miinuko yake inakaribiana, zote zinacheza kwenye mita 1,700 na zaidi. Niliwahi hata kujiuliza kwa nini timu za mataifa zisije kuweka kambi kwetu, lakini hilo liacheni, lina barua yake.

Vuvuzela huwezi kumweleza mtu. Ni kama umeingiza kichwa kwenye mzinga wa nyuki wakati nyuki wana furaha. Kushoto kwangu alikaa mama wa Soweto, kofia ya ujenzi kichwani imekatwakatwa na kupakwa rangi za Ghana, na alipoona natazama blanketi lake akanifunika nusu bila kuniuliza jina. Özil akafunga dakika ya 60. Tukanyamaza. Halafu zikaanza kupita habari, simu kwa simu, kwamba Australia wanaongoza dhidi ya Serbia kwenye mechi ya pili. Australia 2, Serbia 1, Ghana wanafuzu hata wakifungwa. Filimbi ya mwisho ilipolia tulikuwa tumefungwa 1-0 na tunacheza. Yule mama alinishika mikono miwili tukazunguka kwenye ngazi. Hakuna aliyeniuliza nimefikaje.

Tarehe 29 hela ikawa imebaki ya nauli tu, nikageuza. Julai 2, usiku wa robo fainali ya Ghana na Uruguay, basi likatufikisha Nakonde kiza kimeshaingia, konda akasema hakuna kuvuka mpaka asubuhi. Taa za Tunduma naziona, ukipaza sauti mtu wa kwetu anaitika, lakini nimo nchi nyingine. Tukaingia kwenye kibanda cha bia, televisheni moja ya kichogo juu ya kreti, watu kama mia. Wabadilisha fedha, madereva wa malori, wamama wanaouza samaki, Wazambia, Watanzania, na Wakongo wawili wenye lori la shaba. Muntari alipofunga karibu na mapumziko kibanda kiliinuka. Forlán akasawazisha. Dakika za nyongeza zikaisha, Suárez akaushika mpira kwa mkono mstarini, akaonyeshwa nyekundu, penalti. Ilikuwa saa tano hivi za usiku kwa saa ya Zambia, saa sita kwa yetu. Dereva mmoja wa lori alivua viatu akasema anataka kuwa miguu mitupu Afrika ikiingia nusu fainali kwa mara ya kwanza.

Gyan akagonga mwamba wa juu.

Kilichofuata mnakijua, matuta 4-2. Mimi ninachokumbuka ni yule dereva akitafuta viatu vyake gizani kwa mkono huku kila mtu amekaa kimya, mpaka mama mmoja wa samaki akavisukuma kwa mguu kumsogezea. Asubuhi tulivuka wote, paspoti yangu na zao zikagongwa, na hakuna aliyesema habari ya mpira.

Waheshimiwa, kundi lile la Nakonde ndilo wageni wenu. Hesabuni nchi ambazo mtu wake anaweza kupanda gari akafika kwetu: Zambia, Malawi, Kongo, Zimbabwe, Msumbiji, hadi Afrika Kusini yenyewe. Zikifuzu mbili tu kati ya hizo, barabara ya Tunduma hadi Dar itakuwa na watu. Lilongwe kwetu si mbali kuliko Dar es Salaam. Mtu wa Karonga, Malawi, akiamua asubuhi kwenda kuangalia mpira, mpakani Kasumulu anafika kabla chai haijapoa. Hawa hawatasubiri kampuni ya utalii. Watakuja kama nilivyokwenda mimi, na fedha kwenye soksi.

Tunduma sasa nayo ina kituo cha huduma kwa pamoja, kama kile cha Chirundu. Vizuri sana. Lakini kila dereva anaijua foleni ya malori pale, na basi la abiria likinasa katikati yake halina mbawa. Wiki za mashindano tengeni njia ya mabasi ya mashabiki. Wekeni watumishi wa zamu ya usiku, kwa sababu mechi zinaisha usiku na mabasi yanaharibika karibu na Mpika, hilo halijabadilika. Wekeni maji na vyoo, na choo kiwe na mlango unaofungika. Na zaidi ya yote, waambieni watu wenu wa dirishani, kwa maandishi, kwamba shabiki hapimwi kwa kutaja vikosi. Aliyepooza kwa hofu mbele ya dirisha naye ni shabiki.

Kuhusu tiketi nina wasiwasi mkubwa zaidi. Kule Morocco, kwenye AFCON ya 2025, shabiki alitakiwa kuwa na kitambulisho maalumu kinachoombwa kwa programu ya simu. Naelewa sababu: usalama, walanguzi, tiketi feki. Na sisi wenyewe tumeshazoea kulipa kwa simu kuliko Wazungu. Lakini kulipa kwa simu na kupakua programu ni mambo mawili. Nusu ya wapagazi wangu hapa wana simu ya kitochi. Kitochi kinatuma fedha, kinapokea fedha, kinalipia umeme. Kitambulisho chenye picha hakiwezi kukiomba. Wekeni dirisha Mbeya, wekeni Iringa, wekeni Tunduma hapo hapo mpakani, mtu aje na kitambulisho chake na fedha yake, apigwe picha, apewe karatasi. Muanze mapema, msisubiri kuona viti vimekaa wazi ndipo mkumbuke kuna watu nje, maana ndivyo ilivyotokea Afrika Kusini na ilibaki miezi miwili tu. Na bei iandikwe kwa shilingi.

Kuna reli pia. TAZARA ina kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam, inapita Iyunga, inapita Makambako, na stesheni yake ya mwisho haiko mbali na Uwanja wa Mkapa. Sijui ni wangapi kati yenu mmeshaketi mkaitazama ramani hiyo kwa macho ya mpira. Treni moja ya mashabiki kutoka Kapiri, yenye bendera madirishani, Wazambia wanaingia na ngoma zao, Iyunga tunawapokea na ndizi na parachichi na kupanda nao! Reli ile Tanzania na Zambia ziliijenga kwa msaada wa China ili shaba isipite kwa makaburu, na sasa kuna mpango wa kuifufua. Kupakia watu wanaokwenda mpirani hakuwezi kuwa kugumu kuliko kupasua milima ya Mlimba.

Halafu sisi tutakaobaki. Nyanda za Juu Kusini hazina mechi hata moja, na sijaja kulilia uwanja. Najua masharti ya CAF na najua uwanja wetu wa Sokoine ulivyo. Lakini mkoa huu ndio uliotoa Tukuyu Stars, waliopanda daraja wakachukua ubingwa wa nchi mwaka 1986 huo huo. Mbeya City walipoingia ligi kuu 2013, watu walifunga maduka Mwanjelwa kwenda kuwaangalia, na timu ikamaliza ya tatu. Wekeni skrini kubwa Sokoine, wekeni nyingine Samora pale Iringa, kiingilio kidogo au bure. Mzambia aliyekosa tiketi ya Dar ataishia hapa, atalala hapa, atakula hapa. Wenye nyumba za wageni wa Mafiati wamenituma niwaambie hilo, na mmoja ameniahidi soda.

Kijana wa Mafinga siku hizi ana karakana yake na watoto watatu. Tuliongea kwa simu wiki iliyopita nikamwambia nawaandikia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, pole pole, bila kukwama hata mara moja, "Kingson, Paintsil, Mensah, Annan, Asamoah."

Ninachoomba kwa sasa ni kimoja. Kabla hamjapitisha mpango wenu wa usafiri, njooni Tunduma siku moja, wawili au watatu, bila msafara na bila king'ora. Pandeni basi la kawaida kutoka Nakonde mkiwa na paspoti zenu za kawaida, saa saba mchana, mjipange nyuma ya watu. Mkimaliza, nipigieni; namba yangu wanayo wapagazi wote wa Uyole. Nitawasubiri na chai.

Wenu,
Dalali wa viazi, Uyole, Mbeya